Siku Baba Alipomfuta Bibi Ukutani

Shangazi yangu alikuwa fundi wa herufi. Ukimwita mchoraji alikusahihisha hapo hapo: "Mchoraji ni anayechora watu na ndege. Mimi naandika." Na kweli aliandika. Mtaa wetu mzima ulisomeka kwa mkono wake: duka la dawa, kinyozi, fundi viatu, shule ya chekechea, mpaka lile onyo la "Usikojoe hapa" nyuma ya stendi, ambalo watu walisema limeandikwa vizuri mno hata walevi wanaona haya. Walimwita Mama Herufi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho.

Baba yangu ni mdogo wake wa tumbo moja. Naye ni mtu wa rangi, ila rangi ya aina nyingine. Ameajiriwa na jiji, idara ya matengenezo. Anapaka madarasa, zahanati, kingo za barabara, chochote atakachoambiwa kipakwe. Walitaniana hivyo tangu nipate akili.

"Wewe unapaka, mimi naandika," Shangazi alikuwa akisema.

"Na bila mimi kukupakia ukuta, ungeandika wapi? Hewani?"

Mama yangu alikuwa akiwaita kutoka jikoni: "Mkimaliza kugombea rangi, chai inapoa."

Kisha kando ya benki ikafunguliwa ofisi ya kuchapisha mabango ya plastiki. Mwenye duka anatuma picha kwa simu asubuhi, jioni bango linaning'inia, na uso wake mwenyewe umewekwa katikati anacheka. Kazi za Shangazi zikakatika moja moja. Alishinda kibandani kwake akisafisha brashi zilizokuwa safi tayari. Ukimuuliza habari za kazi, anakuuliza habari za shule, na mimi shule nilishamaliza zamani.

Baba ndiye aliyeleta habari. Kwenye ubao wa matangazo ofisini kwao aliona jiji linatafuta wasanii wa humu humu, wale wasiojulikana, liwape mafunzo bure. Watakaofanya vizuri watapewa ruzuku ya kutengeneza kazi moja mahali pa umma.

"Dada, hii ni yako," alimwambia.

"Wamesema wasanii."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi fundi. Msanii ni mtu wa nywele ndefu na maneno mengi."

"Maneno mengi unayo," Baba alisema. "Bado nywele tu."

Alikataa juma zima. Halafu siku ya usaili, bila kumwambia mtu yeyote, akaenda. Waliambiwa waje na mfano wa kazi, na Shangazi hakuwahi kupiga picha kazi yake hata moja. Basi akamwomba yule wa duka la dawa, akakifungua kibao chake skrubu kwa skrubu, akajitwika mpaka ofisi za jiji. Mlinzi alidhani ameleta mzigo, akamwelekeza mlango wa stoo. Alipofika hatimaye mbele ya kamati, alikuta afisa sanaa ni dada mdogo mwenye miwani mikubwa iliyomfunika nusu ya uso. Baadaye sote tulimwita Dada Miwani. Dada Miwani alikitazama kile kibao, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Hizi umezitoa kwenye kompyuta gani?"

"Kompyuta ya mkono wa kulia," Shangazi akasema.

Ujumbe wa kwamba amechaguliwa ulipoingia kwenye simu, nilikuwa naye kibandani. Aliusoma, akanipa mimi niusome kwa sauti, akaketi juu ya kopo la rangi bila kuangalia kama limefunikwa. Halikuwa limefunikwa. Hakuinuka. Alibaki pale na sketi ikinywa rangi ya bluu, akirudia, "Mimi? Wamesema mimi?"

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa maktaba ya zamani. Walikuwa mchanganyiko: mchonga vinyago, mama wa kushona wanasesere wa vitambaa, vijana wa kupuliza rangi ukutani. Mwalimu wao alikuwa mzee mpole aliyependa kutembea peku darasani. Shangazi alijifunza kukuza mchoro mdogo kwa kuugawa miraba, kuchanganya rangi ya ngozi ya mtu, kukinga kazi isiliwe na jua. Walifundishwa pia namna ya kuieleza kazi yako mbele ya wenye fedha bila kuonekana unaomba. Hilo lilimshinda. Yeye kwa wateja alizoea swali moja tu: unataka herufi nene au nyembamba?

Siku moja mwalimu akawaambia wachore mtu wanayemjua, bila kutazama picha. Shangazi hakuwa amechora uso wa mtu maisha yake yote. Akamchora Bibi.

Bibi ndiye mama yao, Shangazi na Baba. Alishafariki. Hakuwa mkunga wala muuguzi, lakini mwanamke yeyote wa mtaani kwetu akishikwa na uchungu, Bibi alikuwa anamsindikiza hospitali, kisha anaketi kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, mpaka habari itoke ndani. Kazi yake ilikuwa kukaa. Mimi mwenyewe nilizaliwa yeye akiwa amekaa pale. Na alichukia kamera kupita kiasi. Ukimwelekezea simu anageuza kichwa. Picha pekee tuliyobaki nayo ni ya kitambulisho, na humo anaonekana kama mtu aliyekamatwa.

Shangazi alimchora amekaa, mkoba mapajani, kisigino kimoja kimetoka nje ya kiatu kwa sababu mguu ulikuwa ukimsumbua. Mwalimu akasimama nyuma yake kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Mama."

"Anasubiri nini?"

"Mtoto wa mtu mwingine."

 Mwalimu akaenda kumwita Dada Miwani.

Hivyo ndivyo Shangazi alivyopata ruzuku, na ukuta. Watu wa jiji walimpa achague, naye akachagua ule wa hospitali, upande wa benchi. Ni ukuta mrefu, unatazama barabara, ulikuwa umechujuka na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Shangazi akaukwangua, akaupiga miraba kwa chaki, akaanza. Alichora wanawake wanaosubiri. Alimweka mfagizi na ndoo yake, alimweka mwanamume aliyelala akiegemea ukuta mdomo wazi, alimweka mkunga mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alikuja kila siku kukagua kama kiuno chake kimepunguzwa vya kutosha. Katikati, mkubwa kuliko wote, aliacha nafasi ya Bibi, akaifunika kwa turubai. Hakutaka mtu aione wala kuipiga picha kabla ya siku ya ufunguzi.

"Kupiga picha kazi ambayo haijaisha," alisema, "ni kama kumpiga mtu picha akiwa anatafuna."

Jioni aliyomaliza uso wa Bibi alituita sisi tu. Tulikwenda na Mama. Baba alitufuata akitokea kazini, bado na ovaroli ya jiji. Shangazi akainua turubai.

Sijui niseme nini kuhusu uso ule. Ule mchoro wa darasani tulishauona, lakini ule ulikuwa penseli. Huyu alikuwa Bibi. Macho yake yalitazama mlango wa wodi vile vile alivyokuwa akiutazama, kama mtu anayeweza kuufungua kwa kuutazama. Mama alishika mdomo. Baba alivua kofia, akamkaribia, akasema kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani Bibi akiwa hai:

"Mama, vaa kiatu vizuri. Utaanguka."

Tulicheka sote, na sote tulikuwa tunalia. Mwanga ulikuwa umeshapungua. Nilitoa simu, Shangazi akanipiga kofi mkononi. "Bado vanishi ya kuikinga na jua," alisema. "Kesho."

Asubuhi yake alitoka nyumbani na kopo la vanishi na kitambaa kipya. Alitusimulia baadaye kwamba pua yake ilijua kabla ya macho. Alikuwa hajafika kwenye kona, harufu ikamjia: rangi ya maji, mbichi. Akajiambia labda wanapaka wodi. Akakata kona.

Ukuta ulikuwa rangi ya krimu. Wote. Mfagizi hayupo, ndoo hakuna, mkunga mkuu hayupo, yule mwanamume aliyelala hayupo. Krimu kutoka mwanzo hadi mwisho, inang'aa, inachuruzika chini kwenye lami. Lori la jiji limeegeshwa pembeni. Kwenye benchi mwanamke mjamzito ameketi, anatazama tu. Turubai limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, limewekwa chini. Na katikati ya ukuta, juu ya ngazi, mtu mwenye ovaroli ya jiji, amempa mgongo, ana brashi mkononi. Amebakiza jicho moja la Bibi.

 Brashi ikapita. Jicho likaenda. Kopo la vanishi likamponyoka, likapiga lami, na yule mtu akageuka.

Alikuwa Baba.

"Dada," akasema.

"Shuka."

Akashuka.

"Ni wewe?"

"Dada, nisikilize kwanza…"

"Nimekuuliza kama ni wewe."

"Ni mimi."

Shangazi hakumpiga, hakumtukana. Alimtazama usoni, akautazama ukuta, akamtazama tena, kama mtu anayejaribu kusoma herufi za lugha asiyoijua. Halafu akageuka akaondoka. Mfuko wake wa brashi aliuacha pale pale chini.

Mimi nafanya kazi hotelini, zamu ya usiku, kwa hiyo nilikuwepo nyumbani Baba aliporudi. Ilikuwa mapema sana. Baba harudi mapema. Hata akiumwa husubiri kengele. Aliketi kwenye kizingiti bila kuvua viatu vya kazi, nyusi zimejaa matone ya krimu.

"Nimempaka Mama," alisema.

Mama yangu alidhani amechanganyikiwa. "Mama yupi? Umempaka nini?"

"Mama. Ukutani. Nimempaka."

Ilichukua muda tuelewe. Mama alipoelewa, kijiko alichokuwa amekishika kilianguka, hakukiokota.  Baba akaeleza, akiongea na sakafu.

Asubuhi waliambiwa panda lori, kuna kazi ya haraka hospitali. Wageni wakubwa wanakuja kesho, kuta zote zinazotazama barabara zipakwe krimu. Baba akadhani ni ule ukuta wa mbele tu. Lori lilipozunguka upande wa benchi, akamwambia msimamizi wao, "Mkuu, huu sio. Huu umechorwa kwa ruzuku ya jiji lenyewe. Dada yangu ndiye aliyeuchora." Msimamizi akasema karatasi yake imeandikwa kuta zote. Akapiga simu kwa bosi. Bosi akajibu kwa neno moja: pakeni. Baba akampigia Dada Miwani, haipokelewi. Akampigia Shangazi, simu imezimwa. Shangazi akiweka simu chaji huizima, anaamini umeme unaingia vizuri simu ikiwa imelala.

"Wenzangu walikuwa wameshaanza," Baba alisema. "Mmoja ana rola ya mti mrefu. Akafika kwenye turubai, akaling'oa. Rola ikagusa viatu vya Mama. Ikapanda miguuni. Anampaka huku anapiga mluzi, hajui, yeye anapaka ukuta. Nikashindwa. Nikamwambia, hapa niachie. Nikachukua brashi."

"Brashi ya nini?" Mama akauliza.

"Nimpake mwenyewe. Taratibu."

Mama alimtazama mumewe kama hajawahi kumwona. "Ungekaa chini, Baba. Ungekaa chini ukagoma."

"Ningekaa chini, ningemtazama anapigwa rola."

 Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na hadi leo sijui nani alikuwa na haki. Kuna siku nasema Mama. Kuna siku namwona Baba juu ya ile ngazi, nanyamaza.

Shangazi alifunga mlango wake. Baba alikwenda, akagonga mpaka majirani wakatoka, hakufunguliwa. Akaenda Mama. Shangazi akamjibu akiwa ndani: "Wifi, nakupenda, lakini unanukia krimu. Nenda." Mimi nilifunguliwa, nikamkuta kitandani na nguo za jana. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa akiangalia dari.

"Ningekuwa nimeibiwa ningeelewa," aliniambia. "Wangekuwa maadui ningeelewa. Waliniita, wakanifunza, wakanipa rangi, wakanipa ukuta, wakanipongeza. Halafu wakamtuma mdogo wangu. Nani hupanga jambo kama hilo?"

Kumbe hakuna aliyelipanga, na hilo ndilo lililotuacha hoi zaidi.

Dada Miwani alifika pale hospitali siku iliyofuata na mpiga picha wake, maana walitaka kuandaa ufunguzi. Mlinzi wa getini ndiye aliyetusimulia. Anasema yule dada alipita mbele ya ukuta, akaenda, akarudi, akaenda tena, akidhani amepotea.

"Samahani, ukuta uliochorwa uko wapi?"

"Huu hapa."

"Nasema ule wenye michoro."

"Ndio huu, mheshimiwa. Ndio ulikuwa wenye michoro."

Alivua ile miwani yake, akaketi kwenye benchi katikati ya wajawazito, na mkunga mkuu ikabidi amletee maji.

Jiji likaita kikao. Shangazi alikataa kwenda, lakini mkunga mkuu alikuja mwenyewe kumchukua, na yule mama akikwambia inuka, unainuka. Amewaambia hivyo maelfu. Nami nikaandamana nao. Kule ndiko tulikojua kwamba idara ya matengenezo na idara ya sanaa ziko ghorofa moja. Milango yao inatazamana. Wanachemshia chai birika moja. Mwaka mzima mmoja alikuwa anafadhili kuta zichorwe na mwenzake anapanga kuta zipakwe, wanapishana mlangoni wanaulizana habari za watoto, na hakuna hata siku moja aliyemuuliza mwenzake anafanya kazi gani. Dada Miwani alilisema hilo mbele ya watu wote, akaomba radhi. Alikuwa na aibu ya kweli, nilimwonea huruma.

Bosi wa matengenezo hakuomba radhi. Alikohoa, akasema kulikuwa na upungufu wa mawasiliano. Baba alikuwa ameitwa kama shahidi, amesimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi. Bosi akamnyooshea kidole.

"Na kwa kweli, mfanyakazi huyu alijua kwamba mchoro ni wa dada yake. Alikuwa na nafasi ya kukataa. Hakukataa. Kama kuna uzembe…"

"Huyo usimguse."

Kichwa changu kiligeuka chenyewe. Ni Shangazi. Alikuwa amesimama. Tangu siku ile ya ngazi hakuwa amelitaja hata jina la Baba. Tukilitaja sisi, alitoka chumbani.

"Ana kosa lake kwangu," alisema. "Hilo ni langu na lake, tutalimaliza sisi wawili, au tusilimalize. Lenu ni lenu. Msimbebeshe."

 Baba alikuwa ameinamisha uso kwenye kofia.

Wakamuuliza anataka nini. Nadhani walitegemea atasema fidia. Akasema anataka ukuta wake tena. Pili, kikosi kile kile kilichoupaka, chote, wapewe ruhusa kazini waje wamsaidie kuukwangua na kuuandaa. Tatu, mafunzo yakifunguliwa tena, waingizwe.

"Wapaka rangi wa matengenezo?" bosi akauliza. "Kwenye mafunzo ya wasanii? Kwa nini?"

"Wajue wanachofuta," Shangazi alisema, akaketi.

Alipewa vyote. Dada Miwani alihakikisha, na safari hii alivuka mlango wa pili na karatasi mkononi, akasimama hapo mpaka ikasainiwa.

Kazi ilianza upya. Ilikuwa kichekesho cha kuumiza roho. Shangazi na Baba walikuwa ukuta mmoja kutwa nzima na hawasemeshani. Shangazi alipitisha maagizo kwa yule mwenye rola: "Mwambie mtu wa ngazi asogeze ngazi." Mtu wa ngazi amesimama hapo hapo, anasikia, anasogeza. "Mwambie asante." Yule wa rola, ambaye aliacha kabisa kupiga mluzi tangu alipojua alichokifanya, aligeuka mara huku mara kule kama refa.

Mfagizi akarudi, na ndoo. Mkunga mkuu akarudi, akalalamika kwamba kiuno cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi. Bibi ndiye aliyegoma. Mwili ulikuja, mkoba ulikuja. Uso haukuja. Shangazi alichora, akarudi nyuma akatazama, akafuta. Akachora tena. Akatokea mwanamke mzuri tu, mpole, asiye mtu wa kwetu. Ule mchoro wa penseli haukumsaidia. Aliubandika kando, akawa anautazama kwa hasira. Alasiri moja nilimpelekea chakula nikamkuta amekaa chini, mgongo ukutani, ametupa brashi.

"Ameniponyoka," aliniambia. "Alikuja mara moja tu. Hatakuja tena."

Ndipo Baba aliposema kutoka juu ya ngazi, polepole, bila kumtazama mtu:

"Jicho la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia."

Shangazi aliinua kichwa.

"Na chini yake hukuweka kivuli. Ulikiacha. Kivuli kilikuwa kwenye shavu, hapa. Na mdomo upande huu ulikuwa umebanwa, kama ana neno. Kidevu kilikuwa na mstari mmoja, mfupi. Umeweka miwili."

"Umejuaje?" Maneno yalimtoka Shangazi kama mtu aliyesukumwa. Alikuwa amemsemesha bila kujua. "Ulimwona jioni ile kidogo tu, na giza lilikuwa linaingia. Umejuaje?"

"Nilikuwa naye asubuhi nzima, dada," Baba alisema. "Nilianza na kidevu. Nilikuwa naenda taratibu ili ufike. Kila sehemu niliitazama kabla sijaipaka. Nilijua mimi ndiye mtu wa mwisho kuiona. Macho niliyaacha mwisho."

  Mkono wa Shangazi ulitafuta kitu cha kushika, ukakuta mguu wa ngazi, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwa sauti, barabarani, watu wakipita. Baba akashuka. Hakumkumbatia, hawakulelewa hivyo. Aliketi kando yake kwenye lami, wakakaa.

Baada ya muda Shangazi akajifuta uso kwa kitambaa chenye rangi, akawa na mstari wa kahawia puani.

"Simama pale," alimwambia. "Sema. Anza na kidevu."

Alisema mpaka mwanga ukaisha, na kesho yake akaendelea kusema, naye Shangazi akachora. "Juu kidogo. Hapana, ulikuwa mwembamba zaidi. Hapo. Hapo hapo, usiguse."

Siku ya ufunguzi walikuja watu wengi kuliko tulivyotarajia, akiwemo bosi wa matengenezo, aliyesimama nyuma karibu na geti na kuondoka mapema. Baba aliingia kwenye mafunzo yaliyofuata pamoja na kikosi chake. Mwanzoni aliona aibu kuketi darasani na umri wake. Sasa anachora miti, miti mitupu, na anatuonyesha kila mmoja kana kwamba hatujauona uliopita. Yule wa rola amewapita wote. Shangazi huitwa na jiji kufundisha herufi, na akiulizwa kazi yake siku hizi husema "msanii," kisha hutazama pembeni.

Kama Bibi wa sasa ni sawa na yule wa kwanza, hilo bado linagombaniwa kwetu. Baba anasema ni yeye yule, hajapungua hata nywele. Shangazi anasema hapana. "Yule wa kwanza alikuwa anasubiri," anasema. "Huyu ni kama amekwisha kupata habari." Wanalibishania hata mezani, na Mama amechoka kuwaamua.

Ila kuna jambo moja Shangazi hakumwambia yeyote, nami nililijua siku nilipomsindikiza hospitali kumwona jirani aliyejifungua. Tulipoikaribia ile kona alipunguza mwendo. Akanishika mkono, vidole vyake vilikuwa baridi. Alisimama, akavuta hewa ndefu kwa pua, akiitafuta ile harufu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama nitatangulia mimi, nitazame, nimwambie.

Nikatangulia, nikatazama.

"Yupo, Shangazi," nikamwambia. "Njoo."